Mfumo wa majitaka wa nyumbani: dalili za ubovu, visababishi vyake na matengenezo yanayokidhi viwango vya mazingira

Malalamiko ya wenye nyumba kuhusu mifumo yao ya majitaka hayazidi aina saba au nane, na mengi kati yake hupewa dawa ileile: gari la kunyonya linaitwa, tangi linamalizwa, na baada ya wiki chache dalili inarudi. Kunyonya tangi ni sehemu ya matunzo ya kawaida wala si matengenezo. Mwongozo huu unaanzia kwenye kile ambacho mwenye nyumba anakiona au kukinusa, unataja visababishi kuanzia kinachotokea mara nyingi hadi cha nadra, na unaonyesha mahali pa kuacha kazi na kumwita mtaalamu.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kushika koleo

Tangi hufanya kazi ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kuwa utando, na maji ya katikati hutoka kupitia bomba lenye umbo la T kuelekea kwenye mitaro ya kufyonza, yaani mabomba yenye matundu yaliyofukiwa ardhini, au shimo la kufyonza. Maji hayo bado ni machafu, kwa kuwa yamebeba vijidudu vya maradhi, naitrojeni na fosforasi. Kazi kubwa ya kuyasafisha hufanywa na udongo ulio chini ya mitaro, mradi udongo huo haujajaa maji: hewa hupita ndani yake, bakteria hula uchafu, na chembe za udongo hunasa vijidudu. Ndiyo maana mamlaka za mazingira haziulizi tu kama maji yanaondoka nyumbani, bali pia yanapita kwenye udongo wa kina gani kabla ya kufika kwenye maji ya ardhini. Mfumo unaomeza maji haraka na kimya kimya waweza kuwa ndio mbovu kuliko yote mtaani.

Jambo la pili ni kipimo kinachojibu nusu ya maswali yote, nacho ni kimo cha maji ndani ya tangi. Katika tangi zima linalotumika, maji husimama sawasawa na ukingo wa chini wa bomba la kutolea. Yakiwa juu ya hapo, kuna kizuizi mbele ya tangi, ama kwenye chujio la kunasa uchafu kwenye bomba la kutolea, ama kwenye bomba, ama kwenye udongo wenyewe. Yakiwa chini ya hapo, na tangi halijanyonywa siku za karibuni, tangi linavuja. Yakiwa sawasawa ilhali maji yanarudi bafuni, tatizo liko kati ya nyumba na tangi, na hakuna haja ya kulipia gari la kunyonya.

Kufungua mfuniko kuna hatari zake. Gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka kwenye tope huua kwa dakika chache, tena ikiwa nyingi huifisha pua, hivyo mtu huacha kuinusa wakati ule ambapo inamdhuru zaidi. Methani nayo hulipuka. Asiwepo mwenye sigara wala moto, mfunguaji asiwe peke yake, asiinamishe kichwa juu ya tundu, na asiingie ndani ya tangi kwa sababu yoyote ile, hata tangi likiwa limenyonywa. Mtu akianguka ndani, msaada ni kuita kikosi cha uokoaji na kupuliza hewa safi kwa mbali. Mara nyingi maiti ya pili huwa ni ya yule aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Mfuniko urudishwe mara tu kazi inapokwisha, na mtoto asikaribie tundu lililo wazi hata kwa muda wa kwenda kuchukua kurunzi.

Dalili: maji yanashuka polepole au yanarudi ndani ya nyumba

Anza kwa kuuliza ni sehemu ngapi zimeathirika. Sinki moja likigoma na mengine yakishuka vizuri, kizuizi kimo kwenye trapu ya sinki hilo, yaani kile kipinde cha bomba kinachoshika maji, na kukifungua kwa mkono kunatosha. Sehemu zote zikigoma, na ile iliyo chini zaidi ikatangulia kutapika, bomba kuu ndilo limeziba.

Hapo fungua chemba ya kwanza, yaani shimo dogo la ukaguzi lenye mfuniko, nje ya nyumba huku mtu mwingine akivuta maji ya choo. Chemba ikibaki kavu, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa nyumba. Ikiwa imejaa, nenda chemba inayofuata, kisha kwenye tangi, hadi upate chemba kavu iliyo mbele ya ile iliyojaa. Kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Kinachokutwa hapo mara nyingi ni vitambaa vya kujifutia, nepi na pedi, vikiwa vimefumana na mafuta ya kupikia yaliyoganda. Vitambaa vinavyouzwa kwa maelezo kwamba vinaweza kutupwa chooni haviyeyuki kama karatasi ya choo, na havifai kuingia kwenye mfumo wa aina hii.

Chemba zikiwa safi na tangi likiwa na maji kwenye kimo chake, kagua bomba la kuingizia tangini, kwa maana utando ulioachwa ukakomaa huziba mdomo wake. Usukume kwa mti mrefu ukiwa umesimama juu. Kimo kikiwa juu ya bomba la kutolea, chujio la kutolea, kama lipo, ndilo la kushukiwa kwanza: livutwe taratibu na kuoshwa kwa mpira wa maji juu ya tundu la upande wa kuingilia, ili uchafu urudi tangini badala ya kumwagwa uwanjani. Chujio likiwa safi na kimo kisishuke, soma sehemu inayohusu ardhi yenye unyevu.

Visababishi vya nadra zaidi ni viwili. Bomba la hewa la juu ya paa likizibwa na kiota au majani, choo hugugumia na maji husitasita kushuka. La pili ni mteremko: bomba la majitaka linahitaji kushuka kiasi cha sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, na likilazwa bapa au likididimia katikati, uchafu hutuama palepale kila baada ya miezi michache hata lizibuliwe mara ngapi.

Dawa kali za kuzibulia, hasa zenye magadi makali au asidi, hazishauriwi. Huua bakteria wa tangi, huharibu baadhi ya mabomba, na humwachia fundi atakayefungua bomba hilo baadaye dimbwi la kemikali linalomngoja usoni. Mwite fundi bomba mwenye kamera ikiwa waya wa kuzibulia unatoka na mizizi, udongo au vipande vya bomba, au ikiwa bomba lililozibuliwa limeziba tena ndani ya muda mfupi.

Dalili: harufu

Harufu ndani ya nyumba, bila dalili nyingine, kwa kawaida hutoka kwenye trapu iliyokauka. Bafu la wageni au tundu la sakafuni lisilotumika kwa wiki kadhaa hupoteza maji yake, na gesi ikapata njia. Mimina ndoo ya maji. Harufu ikikoma, kazi imekwisha. Isipokoma, kagua mpira wa chini ya bakuli la choo, kisha bomba la hewa.

Nje, mfuniko usiokaa vizuri ndicho kisababishi cha kawaida, na mpira mpya au saruji kidogo kwenye ukingo hutosha. Hata hivyo mfuniko unapofunguliwa, mulika kuta za juu ya maji na sehemu ya chini ya mfuniko wenyewe. Haidrojeni salfaidi hugeuka kuwa asidi ya salfa kwenye zege lenye unyevunyevu na kulila polepole, kuanzia juu ya usawa wa maji. Zege lililoathirika huwa laini kama jibini, kokoto zake huonekana zikiwa zimejitokeza, na hatimaye nondo hubaki wazi zikiwa na kutu. Ukiona nondo, usisimame tena juu ya tangi hilo, zungushia uzio, na umwite mtaalamu wa majengo. Mfuniko wa namna hiyo hupasuka bila onyo.

Harufu inayotanda juu ya mitaro ya kufyonza si suala la mfuniko, na inahusu dalili ifuatayo.

Dalili: ardhi yenye unyevu, majani mabichi kupita kiasi, au maji meusi juu ya mitaro

Hii ndiyo dalili inayomweka mwenye nyumba moja kwa moja kwenye uvunjaji wa kanuni za mazingira na za afya ya jamii, na ndiyo inayofichwa zaidi. Kumwaga kifusi juu ya sehemu yenye unyevu huyapeleka maji yatokee mahali pengine tu. Kuchimba mfereji wa kuyaelekeza barabarani au mtoni ni kosa karibu kila mahali penye sheria za mazingira. Jambo la kwanza ni kuizungushia uzio sehemu hiyo, kuwazuia watoto na mifugo, na kupunguza matumizi ya maji nyumbani siku hiyohiyo.

Kisababishi cha mara kwa mara ni maji mengi kuliko udongo unavyoweza kupokea, na chanzo chake huwa kidogo. Choo kinachovuja kimya kimya kinaweza kupeleka mamia ya lita tangini kwa siku. Tia rangi ya chakula kwenye tangi dogo la choo, subiri dakika 15 bila kuvuta maji, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana, raba ya chini imekwisha. Baada ya hapo fuatilia maji ya mvua. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya lita 2,000, na ikiwa mabomba ya paa yameunganishwa na chemba ya majitaka, maji hayo yote huingia tangini kwa saa chache, huvuruga tope lililotulia, na kulisukuma kwenye mitaro. Muunganisho huo ukatwe. Hakuna mfumo wa nyumbani unaosanifiwa kubeba mvua, na mkaguzi yeyote ataukataa. Kufua nguo zote siku moja nako kuna athari ya namna hiyohiyo, ingawa ndogo.

Kisababishi cha pili ni tangi lililoachwa bila kunyonywa hadi tope likaanza kutoka na maji. Uchafu huo hufika kwenye kuta za mtaro na kulisha utando mweusi, mtelezi, wa bakteria. Utando mwembamba wa namna hii upo kwenye kila mfumo na husaidia kuchuja. Ukiwa mnene, udongo huacha kufyonza. Hapo ndipo wauzaji wa unga wa bakteria, hamira na vimeng'enya wanapopata wateja. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) limeeleza kwamba mfumo wa kawaida wa nyumbani hauhitaji viongezi hivyo, kwa kuwa bakteria wa kutosha huingia na kinyesi chenyewe, na viongezi vyenye vimumunyisho vya kemikali huweza kuchafua maji ya ardhini. Fedha hizo zitumike kunyonya tangi kwa wakati na kufunga chujio la kutolea.

Kisha kuna mgandamizo. Gari lililoegeshwa juu ya mitaro, ng'ombe waliofungwa hapo, au banda lililojengwa juu yake hubana udongo na kuziba vinafasi vya hewa, na mara nyingine huvunja mabomba. Mizizi ya miti mikubwa hufanya uharibifu wa aina nyingine. Majani mafupi ndiyo mmea pekee unaofaa juu ya mitaro.

La mwisho, na gumu kuliko yote, ni maji ya ardhini yaliyo karibu mno na juu. Dalili ikija na mvua za masika na kuondoka na kiangazi, ilhali matumizi ya nyumbani hayabadiliki, mitaro inazama kwenye maji ya ardhini kwa sehemu ya mwaka, na kwa miezi hiyo majitaka hayasafishwi ipasavyo. Kuchimba zaidi kwenda chini, jambo ambalo mafundi wengi hupendekeza, huzidisha kosa. Tiba yake ni kupanda juu: tuta la mchanga lililojengwa juu ya ardhi, au mtambo wa kusafisha kwa hewa, unaopuliza hewa ndani ya majitaka ili bakteria wale uchafu, na vyote viwili vinahitaji msanifu.

Kama kuna kisanduku cha kugawia maji kati ya mitaro, kifungue kabla ya kuamua kwamba mitaro yote imekufa. Kisanduku kilichoinama hupeleka maji yote kwenye mtaro mmoja na kuiacha mingine ikiwa mikavu. Kukisawazisha kwa pima maji ni kazi ya saa chache. Mitaro yenye vali inaweza kupumzishwa kwa zamu, na mtaro uliopumzishwa miezi kadhaa mara nyingi hupata nafuu kwa sababu hewa huurudia udongo. Ikiwa maji yanabubujika juu ya ardhi hata baada ya kurekebisha mavujo, kutenga mvua na kunyonya tangi, acha kazi na mwite mtaalamu aliyesajiliwa.

Dalili: tangi limejaa tena muda mfupi baada ya kunyonywa

Katika malalamiko haya, mara nyingi hakuna ubovu wowote. Tangi huwa limejaa maji wakati wote. Ndivyo linavyofanya kazi. Nyumba inayotumia lita 500 kwa siku hulijaza tangi la lita 3,000 kwa siku sita, kisha kila lita inayoingia husukuma lita nyingine kutoka. Kinachopaswa kupimwa ni tope na utando, si maji.

Chukua mti wa mita mbili au zaidi, uzungushie kitambaa cheupe sehemu ya chini na ukifunge imara, uuteremshe taratibu hadi sakafuni karibu na bomba la kutolea, usubiri dakika chache, kisha uuvute polepole. Kitambaa kitaonyesha mstari wa weusi mzito unaoishia ghafla. Huo ndio urefu wa tope, na juu yake kitambaa kitakuwa na rangi ya chai hafifu. Kwa utando, tumia mti wenye ubao mdogo mwishoni, uupenyeze chini ya utando na kuupandisha hadi uhisi umegusa. Kwa mujibu wa EPA, wakati wa kunyonya umefika ikiwa upande wa chini wa utando uko ndani ya sentimita 15 kutoka mdomo wa chini wa bomba la kutolea, au upande wa juu wa tope uko ndani ya sentimita 30 kutoka mdomo huo. Kwa familia nyingi hilo hutokea kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Vaa glavu, na kitambaa kisifuliwe kwenye karai la nyumbani.

Ikiwa kimo kinapanda juu ya bomba la kutolea, siku ya kunyonya ni nafasi ya uchunguzi isiyopaswa kupotea. Mwombe mwendesha gari asubiri kidogo baada ya kushusha maji, na umulike bomba la kutolea: maji yakirudi tangini kutoka upande wa mitaro, mitaro imejaa na tangi halina kosa. Maji yakipenya kwenye nyufa za kuta au maungio, tangi linaingiza maji ya ardhini.

Maeneo yenye maji ya ardhini ya juu yana onyo lake. Tangi, hasa la plastiki au la faiba, lisinyonywe lote wakati ardhi inayolizunguka imelowa chepechepe, kwani huweza kuelea, likainuka na kukata mabomba yake. Na popote lilipo, mwenye nyumba ana haki ya kujua tope lake linamwagwa wapi. Stakabadhi inayotaja eneo halali la kumwagia ni hati inayofaa kutunzwa.

Dalili: tangi halijawahi kujaa wala kunyonywa

Wauza nyumba huisifu hali hii. Tangi lililokaa miaka 20 bila kunyonywa na bila kufurika halikujisafisha lenyewe: ama halina sakafu, ama limepasuka, ama linamwaga kupitia bomba ambalo hakuna anayelikumbuka. Mashimo mengi ya zamani yalichimbwa kwa makusudi hadi kwenye tabaka la mchanga au karibu na maji ya ardhini, ili yasijae. Kwa mwenye nyumba ni raha tupu, ila majirani wenye visima ndio wanaobeba gharama.

Uchunguzi wa kwanza ni rahisi. Weka alama kwenye kimo cha maji usiku, zuia matumizi yote ya maji nyumbani, na upime tena asubuhi. Kimo kikishuka chini ya ukingo wa bomba la kutolea, tangi linavuja. Kisiposhuka lakini tayari kiko chini ya bomba hilo, ufa uko kwenye usawa huo. Tangi likiwa zima na bado halionekani kufikisha maji kwenye mitaro inayojulikana, rangi maalumu ya kufuatilia maji humiminwa chooni na kutafutwa kwenye mifereji, kingo za mto na chemba za mvua za jirani. Rangi ikionekana, jibu limepatikana. Isipoonekana, hilo si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa udongo hunasa na kuchelewesha rangi.

Jaribio kamili la kutovuja hufanywa na mtaalamu: tangi hunyonywa, huoshwa, hujazwa maji, huachwa saa 24 ili zege linywe kiasi chake, hujazwa tena, kisha upungufu hupimwa. Tangi la zege lenye ufa mdogo juu ya usawa wa maji huweza kuzibwa. Lisilo na sakafu halizibiki, na pendekezo la kumwaga zege chini yake likiwa bado na tope na maji halistahili kusikilizwa.

Dalili: maji ya kisima yamebadilika, au watu wa nyumbani wanaumwa tumbo mara kwa mara

Kwanza acheni kuyanywa. Uchunguzi hufuata baadaye.

Maji yaliyochafuliwa na majitaka mara nyingi ni maangavu na hayana ladha yoyote, hivyo macho na ulimi si vipimo. Peleka sampuli maabara kwenye chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe, ikiwa baridi, ndani ya saa 24. Omba vipimo viwili: bakteria wa E. coli, ambao hawapaswi kuonekana katika mililita 100 za maji ya kunywa, na naitreti, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Kuchemsha huua bakteria. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha, bali huongezeka ukali maji yanapopungua sufuriani, na mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya unga kwa maji hayo huweza kupungukiwa na oksijeni kwenye damu hadi midomo na kucha zikawa za samawati. Mtoto mwenye dalili hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Kisababishi si lazima kiwe tangi lako. Mdomo wa kisima usiofunikwa vizuri, zizi lililo karibu na mbolea shambani hutoa matokeo yanayofanana. Kagua kwanza mfuniko na saruji ya kuzunguka kisima, kisha pima umbali. Kanuni nyingi hutaka angalau mita 30 kati ya mitaro ya kufyonza na kisima, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Kutia klorini mara moja kisimani huua bakteria waliomo siku hiyo. Chanzo kikiendelea kumwaga, watarudi. Majibu ya maabara yakionyesha E. coli na naitreti kwa pamoja, wajulishe majirani na ofisi ya afya ya eneo hilo, hata kama aibu inakuzuia.

Dalili: kengele ya pampu au ya mtambo wa hewa inalia

Punguza matumizi ya maji, kagua swichi kuu na fyuzi, kisha tazama kama boya linaloiwasha na kuizima pampu limenaswa na waya au uchafu. Mtambo wa hewa ukikaa kimya, chujio la kipuliza hewa huenda limeziba vumbi. Zaidi ya hapo ni umeme ndani ya maji, na kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni. Kuizima kengele ili watu walale si kosa. Kosa ni kuiacha imezimwa.

Dalili: hakuna dalili yoyote, ila mkaguzi ameukataa mfumo

Sababu inayoongoza ni bomba linalomwaga maji ya tangi moja kwa moja mtoni, ziwani au kwenye mfereji wa mvua. Huko Uingereza, kwa mfano, matangi ya namna hiyo katika eneo la England yalitakiwa yawe yamebadilishwa kufikia Januari 1, 2020. Njia ni mbili: kujenga mitaro ya kufyonza ikiwa udongo unaruhusu, au kufunga mtambo wa kusafisha. Kiwango cha NSF/ANSI 40, kinachotumika Marekani kupima mitambo ya nyumbani, hutaka maji yanayotoka yasizidi wastani wa miligramu 25 kwa lita za uchafu unaooza na miligramu 30 za chembechembe, wakati maji ya tangi la kawaida huzidi miligramu 100 kwa urahisi. Mtambo huo unahitaji umeme na matunzo ya kudumu. Asiye tayari kuyalipia kila mwaka afikirie tena.

Sababu ya pili ni umbali au kina kisichotosha. Hapo jaribio la ufyonzaji ndilo linaloamua: shimo dogo hulowanishwa kwanza, hujazwa maji, na kasi ya kushuka kwake hupimwa. Udongo wa mfinyanzi hufeli kwa kuchelewa, na mchanga mkavu wa chengachenga hufeli kwa kuwahi, jambo linalowashangaza wengi. Ya tatu ni ukubwa: vyumba vimeongezwa, tangi limebaki lilelile. Ya nne ni maji ya kuoga na kufulia yaliyopitishwa pembeni kwenda uwanjani ili tangi lisijae, ambayo kwenye sheria nyingi huhesabiwa kuwa majitaka kama yale ya chooni.

Usinunue kitu chochote kabla ya kupata barua inayotaja kasoro moja moja, matokeo ya jaribio la udongo na mchoro uliopitishwa na mamlaka, kwani mtambo ulionunuliwa kwa ushawishi wa muuzaji mara nyingi haufai kwa kiwanja husika. Kazi ikianza, mitaro na maungio viachwe wazi hadi mkaguzi avione, na picha zenye futi kamba zipigwe kabla ya kufukia. Tangi la zamani linyonywe, sakafu yake itobolewe na wenye vifaa vinavyostahili, lijazwe mchanga au kokoto hadi juu, na mahali lilipo paonyeshwe kwenye mchoro wa kiwanja.